Mdhamini Mwenza: Nani Atatia Sahihi Ili Mke au Mume Apate Viza?



Swali tunalolijibu safari hii tumeulizwa na vikundi kadhaa, vya hapa kisiwani na vya ng'ambo ya Likoni. Linakuja hivi: "Mwenzetu ameolewa na kijana wetu aliyechukua uraia wa Marekani. Ndoa imekubaliwa, karatasi zimekwenda. Sasa ameambiwa mshahara wa mume hautoshi, atafutwe mdhamini mwenza. Je, kikundi chetu kinaweza kumdhamini? Na kama hakiwezi, tufanye mchango amlipe mtu atie sahihi?"

Jibu la la kwanza ni hapana, na jibu la la pili ni hapana kubwa zaidi. Lakini tukiishia hapo tutakuwa hatujamsaidia dada yule, kwa maana njia ipo. Wengi wanashindwa kwa sababu wanamtafuta mtu asiyefaa, au wanampata anayefaa kisha hawamwambii ukweli wa kile anachokitia sahihi.

Dhamana kila mwanakikundi anaijua. Ukikopa kwenye Sacco, wenzako wanaweka akiba zao nyuma yako. Mkopo una kiasi chake na miezi yake. Ukimaliza kulipa, wadhamini wako huru, mnakunywa chai. Watu wetu wakisikia "mdhamini" wa viza wanafikiri ni mambo hayo hayo. Siyo. Dhamana ya Marekani haina kiasi kilichoandikwa wala tarehe ya mwisho, na inaweza kuishi muda mrefu kuliko ndoa yenyewe.

Wazee wetu wengine watabisha. Watasema, "Mimi nilimtilia mtu sahihi miaka ya themanini, hakuna aliyeniuliza." Ni kweli. Zamani ilitumika barua ya dhamana ambayo mahakama za kule ziliiona kama ahadi ya heshima tu. Sheria ikabadilishwa mwaka 1996, na tangu tarehe 19 Desemba 1997 ikaanza kutumika hati ya kiapo inayoitwa fomu I-864. Hati hii ni mkataba kamili kati ya mdhamini na serikali ya Marekani, na mhamiaji mwenyewe anaweza kuutumia mahakamani. Kwa hiyo mzee asimshauri kijana kwa uzoefu wa barua ile ya zamani.

Hesabu yenyewe

Kila mwaka Idara ya Afya na Huduma za Jamii ya Marekani hutangaza kiwango cha umaskini kulingana na idadi ya watu nyumbani. Mdhamini anatakiwa awe na mapato ya mwaka yasiyopungua asilimia 125 ya kiwango hicho. Mwanajeshi aliye kazini anayemwombea mkewe yeye huhitaji asilimia 100 tu. Kwa mwaka 2025, ukiacha majimbo ya Alaska na Hawaii ambayo yana viwango vyao vya juu zaidi, nyumba ya watu wawili ilihitaji dola 26,437. Watatu, dola 33,312. Wanne, dola 40,187. Na watano, dola 47,062.

Hapo kwenye "watu nyumbani" ndipo familia nyingi zinapoteleza. Anahesabiwa mdhamini mwenyewe, mkewe au mumewe, watoto wake wadogo hata kama wanakaa kwa mama mwengine, kila anayemtaja kwenye karatasi zake za kodi kwamba anamlea, na yeyote aliyewahi kumdhamini kwa fomu hii ambaye dhamana yake haijaisha. Kisha anaongezwa yule anayeombewa viza.

Tuchukue mfano. Mume yuko Minnesota, hana mtoto, anapata dola 22,000 kwa mwaka. Yeye na mkewe wa Kibokoni ni watu wawili. Kwa hesabu ya 2025 amepungukiwa dola 4,437. Familia hapa inakaa, inasema: tumwendee ami, yeye ana nyumba kubwa na magari mawili. Ami anapata dola 45,000. Lakini ami ana mke asiyefanya kazi na watoto wawili. Hao ni wanne, ukimwongeza bi harusi ni watano, na watano wanahitaji dola 47,062. Ami ameanguka! Na hapo hapo yuko binti mmoja wa jirani, muuguzi, hajaolewa, anapata dola 30,000. Yeye na bi harusi ni wawili. Anavuka bila wasiwasi, na hakuna aliyemfikiria kwa sababu ni mdogo na anaishi chumba kimoja.

Ndiyo sababu tunawaambia watu: msitafute mwenye sauti kubwa wakati wa harambee. Tafuteni mwenye mapato ya kawaida na midomo michache ya kulisha.

Jambo jengine. Mapato ya mume na ya mdhamini mwenza hayajumlishwi. Tumesikia watu wakisema mume ana elfu kumi na tano, mjomba ana elfu kumi na tano, jumla elfu thelathini, mambo yamekwisha. Wapi! Mdhamini mwenza lazima avuke kiwango peke yake, kwa nyumba yake mwenyewe pamoja na mgeni anayekuja. Wala huwezi kuchukua wadhamini wenza wawili nusu nusu kwa mtu mmoja. Na mume naye hasamehewi. Hata kama hana kazi kabisa, lazima ajaze fomu yake mwenyewe, aitie sahihi, ndipo ya mdhamini mwenza iwekwe kando yake.

Kabla ya kutoka nje, angalieni ndani

Mara nyingi mdhamini mwenza hahitajiki. Ikiwa mume anakaa nyumba moja na mzazi wake, ndugu yake au mtoto wake mkubwa, ndugu huyo anaweza kujaza fomu nyengine, I-864A, na mapato yake yakaunganishwa na ya mume. Hapa kujumlisha kunaruhusiwa kwa sababu wanaishi pamoja. Ami wa mfano wetu naye angeweza kuokoka kwa njia hiyo kama mkewe angekuwa na kazi.

Mali nayo inahesabiwa, iwe ya mume au ya mke aliye hapa. Pengo la mapato huzidishwa mara tatu kama anayeomba ni raia wa Marekani anayemwombea mkewe au mumewe, na mara tano kama ana kadi ya ukaazi wa kudumu tu. Lile pengo la dola 4,437 linaweza kuzibwa na mali ya dola 13,311 kwa mke wa raia, au dola 22,185 kwa mke wa mkaazi.

Sasa mtu wa Mji wa Kale atasema, "Basi si tuna nyumba!" Ngoja kidogo. Sheria inataka mali inayoweza kugeuzwa kuwa fedha ndani ya mwaka mmoja bila kumtia mwenyewe taabuni. Nyumba ngapi za Mji wa Kale ni wakfu? Nyumba ya wakfu haiuzwi, kwa hiyo haiwezi kuhesabiwa hata kama familia imekaa humo vizazi vitatu. Nyengine ni ya urithi ambao haujagawanywa, jina kwenye hati ni la babu aliyefariki, na warithi wamesambaa kutoka Lamu mpaka Maskati. Na kule Majengo twajua sote habari ya nyumba bila ardhi: kuta ni zako, kiwanja ni cha mwengine, unalipa kodi ya ardhi. Nyumba kama hiyo ina thamani kwenu, lakini kumshawishi afisa wa viza kwamba itauzika haraka kwa bei mliyoandika ni kazi ngumu. Afadhali akiba iliyo benki, yenye taarifa za miezi kumi na miwili kuonyesha kwamba haikuingia jana usiku.

Mshahara wa mke aliye hapa, tuseme ni mwalimu Tononoka, hauhesabiwi, kwa sababu akihama unakoma.

Nani anaruhusiwa

Mdhamini mwenza awe mtu mzima wa miaka 18 au zaidi, awe raia wa Marekani au mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, na makao yake yawe Marekani. Si lazima awe ndugu. Anaweza kuwa rafiki, mwenzake wa kazini, mtu mliyesoma naye. Dini wala kabila haviulizwi.

Kwa hiyo kikundi hakiwezi, hata kikiwa na cheti cha usajili na akaunti nono. Parokia haiwezi, msikiti hauwezi, kampuni haiwezi. Anatakiwa mtu mwenye mwili na jina. Tajiri wa Nyali hawezi, wala shemeji aliyeko Dubai. Na kijana aliyeko Marekani kwa viza ya masomo au ya kazi naye hawezi, hata akiwa na mshahara mzuri kuliko wote.

Hapa pana mtego ambao pwani yetu unaikuta sana. Tuna wageni Wamarekani waliooa hapa na wakakaa hapa, Nyali, Mtwapa, wengine wamestaafu. Wakiamua kumchukua mke waende naye Marekani, wanasema: "Mimi sina mapato kule, rafiki yangu atanidhamini." Lakini anayeomba mwenyewe lazima awe na makao Marekani, au athibitishe kwamba anarudi kuyaweka upya kabla mkewe hajaingia au pamoja naye: amefungua akaunti, ametafuta nyumba, ameandikisha watoto shule. Akikosa kuthibitisha hilo, hakuna mdhamini mwenza duniani atakayeliokoa ombi hilo.

Na neno moja kwa wale wa ndoa za mitala. Cheti cha ndoa ya Kiislamu kinakubaliwa, na tangu Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 ndoa zote hapa Kenya zinatakiwa kusajiliwa. Lakini Marekani haimpi viza mke wa pili wakati ndoa ya kwanza bado ipo. Msisumbuke kutafuta mdhamini kwa ombi la namna hiyo.

Anachokitia sahihi

Turudi kwa yule muuguzi. Kabla hajashika kalamu, aambiwe haya.

Anaahidi kwamba mgeni hatashuka chini ya ile asilimia 125 ya kiwango cha umaskini. Mgeni akichukua baadhi ya misaada ambayo serikali huwapa maskini, ofisi iliyotoa msaada inaweza kumdai mdhamini arudishe. Na mgeni mwenyewe, akikosa riziki, anaweza kumshitaki. Mume na mdhamini mwenza wanafungwa pamoja: anayedai anaweza kumfuata mmoja wao kwa deni lote.

Ahadi hiyo inakoma lini? Mgeni akiwa raia wa Marekani. Au akifikisha robo-mwaka 40 za kazi zinazohesabiwa, yaani kama miaka kumi. Au akihama Marekani moja kwa moja na kuachia ukaazi wake. Au akifa. Mdhamini akifa naye ahadi inasimama, ingawa madeni yaliyokwisha kutokea hubaki juu ya mali yake.

Talaka haimo katika orodha hiyo, na ndilo neno ambalo watu hawapendi kulisikia wakati wa harusi. Ndoa ikivunjika baada ya miezi minane, muuguzi yule ambaye hakuwa mke wala mume katika habari hiyo bado amefungwa. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa iliyoko Chicago iliamua kesi ya mke aliyeachana na mume aliyemdhamini. Mume alidai kwamba mwanamke angepaswa kwanza kutafuta kazi. Mahakama ikasema mkataba haukuweka sharti hilo. Kwa yule mwanamke huo ulikuwa ulinzi mkubwa, na sisi tuliowaona mabinti wetu wakitupwa ugenini bila senti tunauona uzito wake. Lakini kwa mdhamini ni mzigo halisi. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja.

Mdhamini anaweza kubadili nia na kujitoa kwa maandishi kabla viza haijatolewa. Mgeni akishaingia na kupata ukaazi, hawezi tena. Akihama nyumba wakati dhamana bado ipo, anatakiwa kuiarifu serikali anwani yake mpya kwa fomu I-865 ndani ya siku 30.

Wauza wadhamini

Mjini wako watu wanaosema wana "mdhamini tayari" Texas au wapi, kwa shilingi laki kadhaa. Wengine wana ofisi za saiba, wengine wanakutana nawe mkahawani tu. Tafakarini. Mtu usiyemjua, anayekubali kufungwa miaka kumi kwa ajili ya mtu asiyemjua, kwa pesa ambazo nusu yake imebaki kwa dalali? Aghalabu karatasi za kodi ni za kughushi, au ni za mtu ambaye hajui kwamba jina lake limetumiwa. Fomu hutiwa sahihi chini ya kiapo. Uongo ukigunduliwa, dalali amebadilisha laini ya simu, na anayebaki na doa ni bi harusi, ambaye anaweza kufungiwa mlango kwa udanganyifu ambao hata hakuusoma.

Serikali ya Marekani haimtozi mdhamini mwenza ada ya kutia sahihi. Ada ya kukagua hati za dhamana, ambayo mwaka 2025 ilikuwa dola 120, hulipwa mara moja kwa kesi, wadhamini wawe mmoja au wawili. Ndiyo sababu tulisema "hapana kubwa" kwa ule mchango. Kama kikundi kina moyo wa kuchanga, kuna nauli ya treni kutoka Miritini mpaka Nairobi, kuna kipimo cha daktari aliyeidhinishwa na ubalozi, kuna chanjo, kuna cheti cha polisi cha tabia njema. Hizo ni gharama za kweli, zina risiti.

Nchi nyengine

Wengine wataona mume yuko Uingereza, waanze kutafuta mdhamini mwenza kwa mtindo huu huu. Sheria ya Uingereza ni nyengine. Kuanzia tarehe 11 Aprili 2024 kiwango cha mapato kwa maombi mapya ya mke au mume kilipandishwa kutoka pauni 18,600 hadi pauni 29,000, na kwa kawaida ahadi ya mjomba au rafiki haikubaliwi kuziba pengo. Kinachotazamwa ni mapato na akiba za wanandoa wenyewe. Kanada kwa upande wake kwa kawaida haiweki kiwango cha chini cha mapato kwa anayemwombea mkewe au mumewe peke yake. Kwa hiyo kwanza ulizeni ni nchi gani, ndipo mwanze kupiga simu.

Amri nazo hubadilika. Mwezi Januari 2026 Marekani ilisimamisha utoaji wa viza za kuhamia kwa raia wa nchi 75, zikiwemo jirani zetu Tanzania na Uganda. Kenya haikuwa kwenye orodha hiyo, lakini hapa Mombasa tuna wake na waume wengi wenye pasipoti ya Tanzania. Someni tangazo la ubalozi wenyewe kabla ya kulipa ada yoyote. Msitegemee maneno ya barazani.

Kumwendea mtu

Anayeomba awe mume au mke mwenyewe, si shangazi kwa niaba yake, na si kwenye kikundi cha simu chenye watu mia wanaosikiliza. Mtu akiombwa mbele ya ukoo atasema "ndiyo" kwa haya, kisha simu hazishikwi tena. Mwambieni kiwango kinachohitajika kwa nyumba yake, mweleze yale ya talaka na ya miaka kumi, mpeni wiki mbili za kufikiri. Akikataa, mshukuruni. Anayekataa mapema amewaokolea muda.

Akikubali, anahitaji fomu I-864 aliyoijaza mwenyewe, nakala ya karatasi zake za kodi za serikali kuu za mwaka wa karibuni, barua ya mwajiri au hati za mshahara, na nakala ya pasipoti yake ya Marekani, cheti cha uraia au kadi ya ukaazi. Karatasi hizo zina namba yake ya usalama wa jamii, ambayo mwizi akiipata anaweza kukopea. Basi asizitume kwa saiba ya Mombasa zichapishwe huku watu wamepanga foleni. Azipeleke kwa mume kule kule, naye azitie kwenye kesi.

Siku ya mahojiano pale ubalozini Gigiri, bi harusi aulizwe na ajue majibu: mdhamini wako ni nani, mnajuana vipi, kwa nini amekubali? Afisa asiporidhika na dhamana, kwa kawaida hutoa karatasi inayosema kesi imesimama mpaka ziletwe karatasi zinazokosekana, au mdhamini mwengine. Hapo machozi hutoka, lakini huko si kufungiwa kabisa. Kuna mwaka mmoja wa kuleta kilichotakiwa. Ukipita bila jambo kufanyika, itabidi kuomba na kulipa upya. Iandikeni tarehe ya karatasi hiyo mahali ambapo familia yote itaiona, na mwanze siku hiyo hiyo kuhesabu upya ni nani kule ana kazi ya kudumu na midomo michache nyumbani.